Jino Limefanya Usaha: Kung'oa, Kuokoa au Kuziba Pengo? Mwongozo kwa Mkazi wa Nairobi

Kama unasoma haya saa nane za usiku, mkono mmoja umeshika simu na wa pili umeshika shavu, anza na kioo. Maelezo mengine yatakungoja.

Kwanza: hakikisha si la hospitali usiku huu

Washa taa, fungua mdomo, kisha papasa chini ya taya hadi shingoni. Jipu la jino kwa kawaida huvimbisha ufizi au shavu, na ingawa linatesa, linaweza kungoja kupambazuke. Yasiyongoja ni haya: uvimbe ulioshuka chini ya kidevu au shingoni, hasa ukiwa mgumu na wa pande zote mbili, ulimi uliosukumwa juu kwa sababu sakafu ya mdomo imejaa, mate yanayodondoka kwa kuwa kumeza kumekushinda, mdomo usiofunguka hata vidole viwili vikapita, uvimbe uliopanda mpaka jicho likaanza kufumba, homa ya kutetemeka, pumzi inayotoka kwa taabu. Moja tu latosha.

Ukiwa nalo, usingoje kliniki ya meno ifunguliwe. Nenda idara ya dharura ya hospitali kubwa: Kenyatta, Mbagathi, Mama Lucy Kibaki kwa sisi wa upande wa Eastlands, au ya binafsi iliyo karibu. Usaha wa magego ya chini hupenya katikati ya misuli ya sakafu ya mdomo na kuvimbisha mpaka njia ya hewa ikabanwa. Daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na hadi leo unaitwa kwa jina lake na hadi leo unaua. Ukifika mapokezi usiseme "jino linaniuma", maana utaonyeshwa benchi. Sema: "Nina jino bovu, na sasa kumeza kunanishinda." Wahudumu wa dharura wanaielewa sentensi hiyo mara moja.

Mwenye kisukari, anayetibiwa saratani, au ambaye kinga yake imeshuka, apunguze subira. Kwake uvimbe wa shavu tu unatosha kumtoa nyumbani.

Pili: kuvuka usiku

Kwa mtu mzima asiye na tatizo jingine la afya, vidonge viwili vya parasetamoli vya miligramu 500 pamoja na ibuprofeni ya miligramu 400, baada ya kula kitu, hutuliza jino kuliko watu wanavyodhani. Hufanya kazi kwa njia tofauti, ndiyo maana zinaweza kumezwa pamoja. Parasetamoli isizidi vidonge 8 kwa saa 24, na kumbuka dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Ibuprofeni hiyo isizidi mara 3 kwa siku. Iache kabisa kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mimba, pumu inayochochewa na aspirini, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Wala usiongeze dikilofenaki juu ya ibuprofeni. Hizo ni za ukoo mmoja, na tumbo ndilo litakalolipa.

Sukutua kwa maji ya vuguvugu yaliyotiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi. Lala umeinua kichwa kwa mito miwili, kwa sababu ukilala chali damu hujaa kichwani na jino hupwita zaidi. Kitambaa cha baridi shavuni kwa dakika 15 husaidia. Cha moto usiweke. Karafuu nayo si hadithi ya bibi: mafuta yake yana kemikali inayoitwa eujenoli ambayo hutia ganzi, na madaktari wa meno wenyewe huitumia kwenye baadhi ya dawa za kuziba. Kipande kimoja kando ya jino kinatosha.

Kidonge cha aspirini usikiweke juu ya ufizi. Kitauunguza, utaamka na jino bovu pamoja na kidonda cheupe. Mafuta ya taa, maji ya betri, na zile chupa ndogo zinazouzwa stendi kwa kipaza sauti, sitasema mengi. Na usilitumbue jipu kwa sindano.

Sasa antibiotiki. Nairobi hii ukisimama mbele ya kemisti umeshika shavu, kuna uwezekano mkubwa utauziwa amoksilini na metronidazoli hata kabla hujafungua mdomo. Zina kazi yake, ila elewa mipaka: kiini cha jino kikishakufa hakina mishipa ya damu, na dawa husafiri kwa damu. Haifiki kiota. Inapunguza wadudu waliokwisha kutoka nje ya mzizi, uvimbe unashuka, unashukuru, na baada ya wiki kadhaa wale waliobaki ndani wanarudi. Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo kikisema kwamba mtu mzima mwenye kinga nzuri, anayeweza kutibiwa jino lenyewe, mara nyingi hahitaji antibiotiki kwa maumivu. Huhitajika pale penye homa au uvimbe unaosambaa. Ukiandikiwa na daktari, meza kama ulivyoelekezwa, sema kama penisilini inakudhuru, na ukiwa kwenye metronidazoli weka pombe kando.

Tatu: tambua jino lako limefika wapi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mimi nilipopotea.

Ndani ya jino mna kiini chenye neva na mishipa ya damu, kinachoshuka kama uzi hadi ncha ya kila mzizi. Jino likitoboka, wadudu hukisogelea. Mwanzoni maji baridi yanachoma kisha maumivu yanakwisha ndani ya sekunde chache. Huo ni wakati wa kuziba tu, kazi ya kikao kimoja. Baadaye baridi ikigusa, maumivu yanakaa dakika nzima au zaidi, chai moto inakuwa adui, na jino linakuamsha usiku bila kuguswa. Kiini kinakufa. Hapo kuziba kwa kawaida hakutoshi tena.

Kisha inakuja siku ya ajabu: maumivu yanatoweka. Mimi nilipofika hapo nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Kumbe neva ilikuwa imekufa, na maiti halalamiki. Niliahirisha daktari kwa miezi minane, na katika miezi hiyo usaha ulikuwa ukila mfupa taratibu kwenye ncha ya mzizi. Dalili zilikuwepo kama ningezijua. Jino lilikuwa na rangi ya kijivu, nilipouma mfupa wa kuku lilihisi kama limerefuka kuliko wenzake, na kwenye ufizi palikuwa na kipele kilichokuja na kuondoka, kikiacha ladha mbaya mdomoni. Kipele hicho ni mfereji wa usaha. Kikiwepo huumwi sana, kwa sababu usaha una pa kutokea. Kikiziba, ndio ule usiku wa saa nane.

Mzazi, neno moja kwako: gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila kung'oka jino lolote kulipisha. Wengi hulidhani la utoto na kuliacha lioze. Hilo halina mrithi.

Nne: pa kwenda

Nairobi ina ngazi tatu za kutafuta tiba, na kila moja ina bei yake na subira yake.

Hospitali za umma kama Mbagathi na Mama Lucy zina idara za meno, na Kenyatta ina yake. Kung'oa huko ndiko rahisi kwa mfuko, lakini damka. Hospitali ya Meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kwenye barabara ya Argwings Kodhek, ni mahali ambapo wanafunzi hutibu chini ya jicho la wahadhiri. Kazi yao ni ya polepole kwa sababu kila hatua lazima ikaguliwe, na ndiyo faida yake pia. Mwenye muda kuliko pesa afikirie huko, hasa kwa matibabu ya mzizi, yaani ruti kanali: kusafisha ndani ya jino na kuliziba badala ya kuling'oa. Halafu kuna kliniki za binafsi, kutoka zile za ghorofa ya pili juu ya supamaketi mtaani hadi za Upper Hill na Westlands.

Kabla ya kuketi kwenye kiti chochote, hakiki leseni. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya (KMPDC) ndilo linalosajili madaktari wa meno nchini, na kwenye tovuti yake unaweza kutafuta jina la daktari na la kituo. Leseni ni ya kila mwaka. Inapaswa kuwa imebandikwa ukutani, na tarehe usome mwenyewe. Wapo pia maofisa wa afya ya kinywa, ambao wanang'oa na kuziba kihalali, ila kusafisha mizizi ya gego, yenye tundu tatu au nne ndani yake, afadhali umwachie daktari, na ikiwa imepinda, bingwa.

Piga simu kwanza uulize mambo mawili: mna eksirei hapo hapo? Na je, mnafanya ruti kanali au mnang'oa tu? Kliniki ambayo kifaa chake kikuu ni koleo itakushauri koleo. Nilipokuwa na miaka 26 niliingia kliniki moja ndogo ya Eastlands, sikupigwa eksirei, sikuulizwa swali, na baada ya dakika 20 nilikuwa njiani nikitafuna pamba, gego la kushoto likiwa kwenye karatasi mfukoni. Nilifurahi kwa ajili ya bei. Bei yenyewe niliimaliza kulipa miaka kumi na miwili baadaye, nitakueleza.

Kuhusu bima: uliza kabla, iwe ya serikali (SHA) au ya kazini, kama jino linalipiwa, kwa kiasi gani, na kama inataka kibali. Bima nyingi zina fungu dogo la meno kwa mwaka, na implanti, yaani jino bandia linalopandwa ndani ya mfupa, huwekwa kando.

Tano: kwenye kiti

Daktari mzuri hakimbilii sindano. Atauliza maumivu yanakuja lini na yanakaa muda gani. Atagongagonga meno kwa mpini wa kioo, ataweka kitu baridi ili aone lipi limekufa, atapapasa ufizi, kisha eksirei ndogo ya jino hilo. Kwa magego ya mwisho au meno mengi, eksirei pana ya taya zima. Usishangae ukionyesha jino moja ukaambiwa ni jirani yake. Neva za taya hudanganya, na maumivu ya gego la juu yanaweza kusikika chini.

Wewe nawe sema yote: shinikizo la damu, kisukari, mimba, dawa unazomeza, mzio, na kama uliwahi kuambiwa una tatizo la vali za moyo. Homa ya baridi yabisi bado inaharibu mioyo ya watu wengi nchini, na baadhi ya wagonjwa hao, hasa waliowekewa vali bandia, huhitaji antibiotiki kabla ya kung'olewa. Mjamzito asifukuzwe wala asijifukuze. Miezi ya kati ndiyo mizuri zaidi, lakini usaha haungoji kujifungua.

Omba uonyeshwe picha. Kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi ndipo mfupa ulipoliwa. Kisha uliza maswali haya kwa utaratibu, hata kama foleni inakohoa nje: Jino hili linaokoleka? Likiokolewa litahitaji nini baada ya kutibiwa mizizi, na jumla yake ni pesa ngapi pamoja na krauni, ile kofia ngumu ya kulifunika jino? Likitolewa, unashauri niweke nini, na hicho ni pesa ngapi?

Sita: kung'oa au kuokoa

Wahenga walisema dawa ya jino ni kung'oa. Waliishi kabla ya eksirei. Lakini sitaki kuwacheka, kwa sababu yapo meno ambayo walikuwa sahihi kabisa juu yake.

Jino lililopasuka wima hadi kwenye mzizi halina tiba, litoe. Lililobaki maganda chini ya ufizi, lisilo na ukuta wa kushikilia krauni, litoe. Linalocheza kwa sababu mfupa umeisha pande zote, litoe. Gego la mwisho lililolala upande na kuvimba kila baada ya miezi michache mara nyingi halifai kupiganiwa. Hata ukilitoa hutalikosa.

Linaloruhusu kuokolewa ni lile lenye kuta za kutosha juu ya ufizi, mizizi mizima na mfupa unaolishikilia, hata kama lina jipu. Watu hukosea hapa. Usaha kwenye ncha ya mzizi hauna maana kwamba jino limekwisha. Mizizi ikisafishwa vizuri mfupa hurudi wenyewe kwa miezi kadhaa.

Kuokoa ndiko ruti kanali. Daktari hutoboa juu ya jino, hutoa kiini kilichooza, husafisha kila tundu kwa vijisindano vya chuma na dawa yenye klorini, kisha huziba kwa utomvu mgumu wa mti wenye rangi ya waridi. Jino la mbele kwa kawaida lina tundu moja; gego la chini tatu au nne. Dalili ya kazi safi ni kile kipande cha mpira kinachozingira jino ili mate yasiingie. Hufanywa kikao kimoja hadi vitatu. Kwa ganzi nzuri, uchungu wake si zaidi ya wa kuzibwa, ila taya huchoka kwa kukaa wazi.

Kuna makosa mawili yanayoua ruti kanali hapa kwetu. La kwanza ni kuacha njiani. Baada ya kikao cha kwanza maumivu yanakwisha, jino limezibwa kwa dawa ya muda, ada ya shule inaingia, mtu haonekani tena. Ile dawa ya muda huvuja baada ya wiki chache. La pili ni kukosa krauni kwenye gego. Jino lililochimbwa ndani limedhoofika. Siku ya githeri yenye kijiwe linapasuka katikati, na pesa zote zimekwenda. Kama huna pesa za krauni mwaka huu, mwambie daktari mapema. Kuna namna ya kuziba inayofunika vilele vya gego na kulilinda kwa muda.

Hesabu basi. Kung'oa ni maelfu machache, au chini ya hapo hospitali za umma. Ruti kanali ya gego na krauni yake ni makumi ya maelfu. Ukilinganisha hivyo, koleo linashinda kila siku. Ila linganisha vizuri: kung'oa pamoja na kitu cha kuziba pengo, dhidi ya kuokoa pamoja na krauni. Implanti moja Nairobi huhesabiwa kwa laki.

Jino langu la pili lilipofanya usaha, la kulia safari hii, nilikaa kitini nikasema, "Daktari, ng'oa tu nirudi kazini." Akageuza kioo cha kompyuta. "Mama, hebu tazama kushoto kwako kwanza." Kwenye picha, gego la juu lilikuwa limeteremka na kuingia kwenye pengo nililoliacha miaka kumi na miwili, kwa sababu halikuwa na mwenzake wa kuliuma. Gego la nyuma lilikuwa limeinama mbele kama abiria aliyelala kwenye matatu, na chini ya mwinamo huo chakula kilikuwa kimekaa kikatoboa tundu jipya. Jino moja lilikuwa limegeuka matatizo matatu. Nikaomba mpango wa malipo.

Kama huna pesa hata hivyo, na usaha upo, ng'oa. Jino bovu ndani ya mfupa ni hatari kuliko pengo, na hakuna aibu ndani yake. Lililo baya ni kumeza antibiotiki kila robo ya mwaka ukingoja mambo yanyooke.

Saba: siku ya kung'oa

Kula vizuri kabla. Meza dawa zako za presha kama kawaida. Mwenye kisukari aende asubuhi, ameshakula na kutumia dawa yake. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa uamuzi wake. Daktari aliyeziandika na wa meno wazungumze.

Utaambiwa na mtu kwamba jino lililovimba haling'olewi mpaka uvimbe ushuke. Mara nyingi si hivyo: kulitoa ndiko kunakofungua njia ya usaha. Utaambiwa pia kwamba kung'oa jino la juu kunapofusha macho. Hakupofushi. Ila ni kweli kwamba ganzi hufanya kazi kwa shida penye usaha, kwa kuwa tishu zenye maambukizi zina asidi inayoidhoofisha dawa. Kwa hiyo ukisikia uchungu mkali baada ya sindano ya kwanza, inua mkono. Si woga. Daktari anaweza kuongeza au kuchoma mbali zaidi, kwenye shina la neva. Kusukumwa na kusikia mlio wa kukwaruza ni kawaida. Uchungu wa kuchoma si wa kuvumiliwa.

Ukitoka, uma shashi kwa nguvu nusu saa hadi dakika 45 bila kuichungulia kila mara. Kwa saa 24 usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usivute sigara, pombe pia hapana. Lile donge la damu ndilo plasta ya mfupa, na likitoka umejitafutia. Chai ipoe. Uji, maziwa lala, viazi vilivyopondwa, ndizi. Mahindi choma yangoje. Mate mekundu siku ya kwanza hayatishi. Damu ikiendelea kutiririka, kunja shashi safi au mfuko wa majani ya chai uliolowa, uma saa nzima umekaa wima, na isipokoma rudi.

Baada ya saa 24 anza maji ya chumvi, taratibu, baada ya kila mlo. Maumivu yanapaswa kupungua kila siku. Yakigeuka na kuwa makali siku ya tatu hivi, yanapanda hadi sikioni na mdomo unanuka, huenda donge limetoka na mfupa uko wazi. Huwapata zaidi wavutaji na waliong'olewa magego ya chini. Antibiotiki si jibu. Daktari atasafisha shimo na kuweka dawa, na nafuu huja upesi. Rudi pia kama mdomo bado una ganzi kesho yake, au kama maji yanapita kutoka pengo la juu hadi puani. Mizizi ya magego ya juu hukaa jirani na uwazi wa mfupa wa shavu, na tundu hilo huzibwa.

Nane: pengo

Nyanya yangu wa Siaya alikuwa amesimama nje ya somo hili lote. Alitolewa meno sita ya mbele ya chini akiwa msichana, kama ilivyokuwa desturi ya Wajaluo wa rika lake, na alituambia ilikuwa ili mtu akipata pepopunda, taya likikaza, uji upate pa kupitia. Alitafuna nyama mpaka uzeeni. Namtaja kwa sababu si kila pengo linadai kuzibwa. Gego la mwisho kabisa halihitaji mrithi. Watu wengi hula vizuri na meno 20 yanayokutana. Pengo la mbele ni suala la uso na matamshi, nawe ndiwe mwamuzi. Pengo la katikati, kama langu, ndilo linalovuruga majirani.

Ukitaka kuziba, rahisi kuliko yote ni jino la bandia la plastiki la kuvaa na kuvua. Hutengenezwa kwa wiki moja au mbili, hulazimiki kukata jino lolote, ila linachezacheza mwanzoni na lazima livuliwe usiku ufizi upumue. Daraja, yaani jino bandia lililoshikizwa kwa majirani wawili, hukaa palepale bila kuvuliwa, lakini meno mawili ya pembeni husagwa ili yalibebe. Kama ni mazima, hilo ni kafara kubwa. Kama tayari yana viraka vikubwa, ni busara.

Implanti ni skrubu ya titani inayopandwa ndani ya mfupa. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aligundua kwamba mfupa hushikamana na titani, na mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza. Mfupa huhitaji kama miezi 3 hadi 6 kuishika kabla ya kuvikwa jino. Haisagi majirani na ikitunzwa hudumu miaka mingi. Lakini inataka mfupa, na mfupa wa pengo hunywea: ndani ya mwaka wa kwanza upana wake unaweza kupungua kwa karibu nusu. Ndiyo maana, kama una hata ndoto ya implanti, sema kabla ya kung'oa ili daktari afikirie kulihifadhi shimo. Kisukari kisichodhibitiwa na sigara nyingi huiangusha. Kijana ambaye taya lake bado linakua angoje. Na uliza bei kamili: skrubu, kiungo, krauni, picha, na kupandikiza mfupa ikibidi, kwa maandishi. Bei ya tangazo mara nyingi ni ya skrubu peke yake.

Mimi mfupa wa pengo la kushoto umekuwa mwembamba mno. Implanti ingehitaji kupandikizwa mfupa kwanza, na pesa hizo zilikwenda kwa krauni ya kulia. Gego la juu lililoteremka lilichongwa kidogo, la nyuma likazibwa, nikatengenezewa jino la kuvaa. Nalisafisha kwa mswaki laini na sabuni ya kuoshea vyombo, si dawa ya meno, maana hiyo hulikwaruza. Usiku hulala kwenye kikombe cha maji, rafu ya juu kabisa, tangu asubuhi ile kijana wangu wa mwisho alipokitwaa akitaka kunywa.